Malipo ya bima kwa hospitali yalipopanda, nilimchelewesha mama mwezi mzima kwa ubishi wangu

Wakuu, mwangaluka.

Hii siyo chai. Aliyetibiwa ni mama yangu mzazi na aliyeharibu ni mimi, kwa hiyo sina sababu ya kupamba.

Nafanya kazi halmashauri, naishi Kharumwa. Mama yuko Nyasubi, Kahama, anauza mchele sokoni. Kwenye bima ya serikali nimemwandikisha kama mtegemezi wangu.

Pale sokoni mama ana sifa moja: mchele wake hauna mawe. Anauchambua mwenyewe kwenye ungo kabla ya kuuza. Mtoto wa jicho alipomwanza, macho yote mawili, mawe yakaanza kupita.

Hospitali binafsi ambayo daktari wa macho anakuja mara moja kwa mwezi ilikuwa imeacha kupokea kadi zetu kwa upasuaji huo. Walibandika karatasi dirishani: bima hailipi vya kutosha.

Baadaye sheria ikabadilishwa, viwango ambavyo bima inazilipa hospitali vikapandishwa. Mama akasikia redioni, akanipigia saa hiyo hiyo.

"Wamepandisha. Twende."

Msomi nikajibu, "Subiri kwanza mama, nisome."

Nikapakua waraka mzima. Hoja yangu ilikuwa moja: wameongezewa wenye hospitali, mgonjwa ameongezewa nini? Nikabishana kwenye magrupu mpaka bando likakata. (Baadhi yenu mlikuwepo, tusikumbushane.)

Daktari akaja, akaondoka. Mama bado ananisubiri nimalize kusoma.

Ndani ya mwezi huo Mama Neema, mama ntilie anayechukua mchele kwetu tangu niko shule ya msingi, akarudisha ndoo nzima. Mteja wake kang'ata jiwe. Angegomba ingekuwa afadhali. Alimwambia mama tu, "Mama Masalu, pumzika. Macho yakipona nitarudi."

Jioni mama akanipigia. Hakulalamika. Aliniuliza, "Umefika ukurasa wa ngapi?"

Wakuu, kesho yake niliomba ruhusa kazini.

Zamu iliyofuata ya daktari tukafika mapema. Karatasi ya dirishani haipo. Lakini mimi ni mimi, nikamuuliza dada wa mapokezi, "Samahani, hicho kilichoongezwa kinakwenda wapi?"

Akanitazama. "Kaka, umeleta mgonjwa au umekuja kukagua?"

Foleni nzima ikacheka. Nikang'ang'ania.

"Kiwango cha zamani hakikufikia hata bei ya lenzi anayowekewa mgonjwa," akasema. "Tulijazia wenyewe mpaka tukashindwa. Sasa kinafika, ndiyo maana mama yako yupo kwenye orodha. Una lingine?"

"Hana," mama akajibu.

Mwezi mzima nimesoma kurasa, jibu lilikuwa dirishani.

Jicho la kulia likafanyiwa siku hiyo. Kesho yake bandeji ilipotolewa, nesi akamwonyesha chati ya herufi ukutani. Mama akasema hizo siyo kazi yake. Akafungua fundo la kanga, akamwaga konzi ya mchele mapajani. Kumbe alikuja nao makusudi! Jirani alimchanganyia mawe saba ili ajipime.

Akachambua taratibu. Moja, mbili, mpaka saba. Nesi akaanza kupiga makofi.

Mama akamwambia, "Ngoja." Akatoa la nane.

"Hili jirani mwenyewe hakuliona."

Kisha akanigeukia, akanikagua usoni. "Kumbe umekonda hivi? Unakula huko, au unasoma tu?"

Jicho la kushoto ni mwezi ujao. Mama Neema amechukua ndoo moja, ya majaribio.

Nilichojifunza: kuuliza maswali sijaacha na siachi. Mpaka leo nataka kujua kama hivi viwango vikipanda, makato yetu nayo yatafuata. Hakuna aliyenijibu. Ila nimeacha kumfanya mtu mwingine asubiri majibu yangu akiwa haoni.

Nyie huko mliko vipi? Karatasi imetoka dirishani au bado ipo? Mnaofanya kazi hospitali, njooni mnisahihishe nilipokosea. Mliokuja kunitukana nanyi karibuni, lakini chungeni lugha: mama anausoma huu uzi nyuma ya bega langu, na sasa hivi anaona.