Mkia Usioonekana wa Nambari za Simu

Juzi asubuhi nilikuwa katika duka la kompyuta hapa Kisumu, nikisubiri kuchapiwa barua, mama mmoja alipoingia akihema, laptopu kwapani. Kazi yake ni kuwatumia wavuvi wa Luanda Kotieno ujumbe wa kuwaonya upepo ukitarajiwa ziwani. Siku hiyo upepo ulitarajiwa mchana, na mtambo wa kutuma ujumbe ulikuwa umekataa kila nambari.

"Nambari ziko sawa, nimeziangalia zote," alisema.

"Ziko sawa kwa macho, Mama," mwenye duka akamjibu.

Akaandika amri ya cat -v, inayoonyesha alama zilizofichika, na kila nambari ikatokea na mkia: ^M. Akaeleza kwamba faili ilihifadhiwa kwenye kompyuta ya aina nyingine, inayoongeza alama isiyoonekana mwishoni mwa kila mstari. Mtambo ulidhani alama hiyo ni sehemu ya nambari.

"Sasa itatoka aje?"

Mwenye duka akaandika amri ya kuifuta alama hiyo na kuweka nambari katika faili mpya, huku akitamka herufi moja moja: tr -d '\r' < nambari.txt > safi.txt

Mama akatuma tena kwa faili hiyo mpya, na ujumbe ukaenda. Punde simu yake ikalia. Sauti ya mzee mmoja wa wavuvi ilikuwa kubwa hata mimi nikaisikia.

"Mama, tumevuta mashua zote nchi kavu. Lakini mbona umechelewa hivyo?"

Mama akafungua mdomo aeleze, akatazama kioo cha kompyuta, akaufunga.

"Pole, Baba," akasema. "Kulikuwa na uchafu kidogo."

Nadhani alifanya vyema. Kuna makosa ambayo kuyaondoa ni mstari mmoja, na kuyaeleza ni siku nzima.