Huyo Inasemekana Ni Nani?

Nilifunga safari ya Dagoretti kwa kiburi, tena kiburi cha kujitakia. Karatasi ya habari za maktaba yetu ilikuwa imetoka, na humo nilikuwa nimeandika historia ya soko la huko. Nilitaka nikaone watu wakinisoma. Ninyi wa nyumbani Maragoli mnaodhani karani wa mjini hakosei, sikilizeni.

Saa saba mchana, Jumamosi, tulipofunga maktaba pale katikati ya mji, nilikaza sanduku la vitabu nyuma ya baiskeli. Barabara ya Ngong ilinitoa jasho. Mara mbili askari alinisimamisha kudai kipande, ile pasi ya serikali. Aliposikia mimi ni Mluhya, si Mkikuyu wanayemsaka, akaniachia. Nikapiga mluzi hadi mwisho wa safari.

Saa tisa nilifika kwenye chumba cha kusomea cha Dagoretti. Mwalimu anayekitunza alinipa chai, kisha akawasomea watu karatasi yangu kwa sauti. Mbele kabisa aliketi Wangari, bibi muuza magimbi, ambaye ndiye aliyenisimulia habari zote hizo, siku nzima juani, huku wateja wakimpita. Alikuwa ameniomba kitu kimoja tu: jina la mama yake, Nyambura, liandikwe. Nyambura na wenzake wa Kikuyu ndio waliovuka mpaka na magimbi kwenda kwa wanawake wa Kimasai na kurudi na ngozi, wakati wanaume wa pande zote mbili wakipigana. Soko lilianzia hapo.

"Inasemekana," Mwalimu akasoma, "soko hili lilianzishwa na wanawake wa zamani."

Wangari alingoja mpaka mwisho.

"Karani, huyo Inasemekana ni nani?"

Watu wakacheka. Yeye hakucheka.

"Mimi nauliza kwa sababu yeye najua maneno yangu yote. Yeye nakaa wapi? Na mama yangu iko wapi hapo?"

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Majina yote nilikuwa nayo daftarini. Niliogopa mkubwa wangu angecheka: maktaba nzima kumtegemea muuza magimbi! Nikaona "inasemekana" ni neno la wasomi.

"Nisamehe, mama," nikasema. Nikatoa kalamu, nikaandika majina mawili pembeni mwa karatasi ile. Akanitaka niyasome, nikayasoma.

"Mzuri. Na zile karatasi ingine?"

Zilikuwa zimekwisha kutawanywa.

Kabla ya jua kutua nilishika njia ya kurudi, nikiikokota baiskeli hata penye mteremko. Majuto ni mjukuu, na wangu nilimbeba mpaka mjini.

Jumatatu asubuhi mkubwa wangu alinisifu kwa utafiti, akauliza nani alinieleza. Nikamtajia Wangari, muuza magimbi, binti Nyambura. Alicheka kweli, labda nusu dakika, kisha akarudi kwenye barua zake. Hapo nikajifunza ukubwa wa kitu nilichokuwa nikikiogopa: nusu dakika ya kicheko. Kwa kuogopa hicho tu nilikuwa nimemfuta mama wa mtu.