Lenzi Zilizopimwa Bila Unga wa Mbao

Nimebaki na vidole viwili mkono wa kulia, na waliokula vile vitatu nawajua: mwenye kiwanda cha mbao pale Elburgon, na injinia wake wa kutoka Kiamunyi.

Mwenye kiwanda alitaka kung'oa kifuniko cha chuma kwenye msumeno, eti kinachelewesha kazi. Injinia akamtengenezea jicho la kuzima msumeno mkono ukikaribia. Hilo jicho lilikuwa na lenzi nyingi, kila moja ndogo kuliko mbegu ya sukuma wiki. Alizichora kwenye kompyuta, na humo humo akajaribu vile mwanga utapita, hata kabla lenzi zenyewe hazijatengenezwa. Alinionyesha. Miale inaingia, inapinda, inakutana mahali pamoja. Ilikuwa kazi safi, siwezi kudanganya.

Jumatatu alipokuja kulifunga nikamwuliza, "Injinia, na unga wa mbao uko wapi kwenye hiyo kompyuta?"

"Mzee, hizo ni hesabu kubwa. Wewe pasua mbao."

Mwenye kiwanda akacheka. "Mtu wa darasa la sita anafundisha digrii!"

Nimepasua saipresi miaka ishirini. Mbao mbichi inatema unga wenye utomvu, na ukishika kioo hautoki hata ukisugua. Lakini kifuniko kiling'olewa. Kufika Alhamisi lile jicho lilikuwa limezibika kama dirisha la jiko la kuni. Mkono wangu halikuuona.

Nikiwa bado na bandeji, mwenye kiwanda akaniletea karatasi niweke sahihi: mfanyakazi alizembea. Nikakataa. Nikajaza unga mbichi kwenye mkebe, nikaenda Kiamunyi, nikaumwaga mezani kwa injinia.

"Haya, weka na huu."

Akapima punje, akaziingiza kwenye hesabu zake. Tukangoja. Miale ikaingia, ikatawanyika kama vifaranga wameona mwewe. Hakuna mahali ilikutana.

"Pole, mzee. Hatukutarajia." Na akaanza kuandika hivyo hivyo kwenye ripoti ya ajali, kwamba hali haikutarajiwa!

"Toa hiyo. Andika uliambiwa Jumatatu. Andika aliyekuambia, na aliyecheka."

"Mdosi atanifukuza."

Nikauweka ule mkono mezani, juu ya unga.

Akaandika. Nikamfanya anisomee mara mbili, polepole, kisha achapishe nakala mbili: moja ya ofisi ya leba nidai fidia, moja yangu.