Fimbo Nzito ya Mokaya

Mokaya anauza vifaa vya ujenzi hapa Mbita, na kila kitu duniani anakipima kama nondo: kinene ndicho kizuri. Kwa hivyo alipotaka fimbo moja ya kuvulia samaki wa kila aina, na muuzaji akamwonyesha nyepesi, ya wastani na nzito, alinyakua nzito.

"Mzee, chukua ya wastani," muuzaji akamwambia. "Hiyo utahisi hata samaki mdogo kama ngege akidonoa, na mbuta mkubwa wa kadiri hataivunja."

"Mimi si mtoto," Mokaya akajibu. Bwana ana duka, ana tumbo, ana kiti cha mbele kanisani. Avue na kitu kinachopinda?

Jumapili, Sabato yake ikiwa imepita, akasimama kwenye mawe ya ufuoni kando yetu sisi wavuvi, kifua mbele. Alirusha kwa nguvu zote, na chambo chepesi kikaanguka karibu na viatu vyake. Ngege wakala minyoo yake kwa starehe, na ile fimbo ngumu kama nguzo ya stima haikumwambia kitu.

"Leo samaki hawako," akatutangazia, huku ndoo zetu zikijaa. Mbuta wakubwa aliowanunulia fimbo hiyo wako mbali, kwenye kina cha ziwa huko kisiwa cha Remba, na Mokaya mwenyewe anaogopa boti.

Siku hizi mke wake, Moraa, anaitumia fimbo hiyo kutundikia pazia la sebuleni. Wageni wakifika, Mokaya huwaonyesha kwa fahari.

"Pazia zito hivyo," anasema, "na ona, hata kupinda haipindi."