Aliyeondoka Bila Kusukumwa

Ninaikumbuka vizuri siku ambayo redio yetu ilitangaza kwamba kiongozi wa nchi anaachia madaraka, anarudi kijijini kwake kulima. Baba yangu aliuliza, "Amepinduliwa na nani?" Tukamwambia hakuna aliyempindua, ameamua mwenyewe. Baba akazima redio, akasema betri zinaisha.

Mwanangu, nakusimulia haya kwa sababu juzi wenzako wa mashimo ya dhahabu ya Mwakitolyo wamekuchagua kuwa mwenyekiti wao, na nimeona jinsi unavyotembea siku hizi.

Kiongozi yule simwiti malaika. Baada ya vita ya Uganda alituomba tufunge mikanda, nasi tukaifunga mpaka matundu yakaisha. Sabuni tuliisikia tu. Tulifulia majani ya mpapai. Wengi walimlaumu, na mimi nilikuwamo. Lakini hata waliomchukia hawakusema kwamba yeye alikuwa anashiba peke yake.

Vita ilipoisha, bunduki zilizagaa, na wezi wakawa wanaswaga ng'ombe zetu mchana kweupe. Huku Usukumani tukaunda sungusungu: kila mwanaume na upinde wake na filimbi yake, usiku tunalinda kwa zamu. Kijijini kwetu baba ndiye aliyechaguliwa kuwa mtemi wa sungusungu. Alifanya kazi, siwezi kumnyima haki yake. Watu wakalala tena. Tatizo lilikuja baadaye, wezi walipokwisha na baba akabaki na ukubwa wake.

Jirani yetu Luhende alisimama mkutanoni akauliza kwa nini mdogo wake baba haendi lindo usiku kama wengine. Swali la haki kabisa. Baba akasema amedharauliwa, na Luhende akatengwa. Kutengwa kwetu si mchezo, mwanangu. Hupewi moto, huchoti maji na wenzako, husalimiwi, na ukifiwa unazika mwenyewe. Tukawa tunampita njiani kama kisiki.

Siku chache baada ya ile habari ya redio, mama yake Luhende akafariki. Kilio tulikisikia asubuhi, tukiwa tunakunywa uji. Hakuna nyumba iliyofungua mlango. Kila mtu alisubiri kuona mtemi atafanya nini. Mama yangu akaweka kata chini.

"Baba Kulwa," akasema, maana mimi ndiye Kulwa, "mwenzako kule Dar es Salaam ameachia nchi nzima. Wewe kijiji kimoja kinakushinda?"

 Baba alikaa pale mpaka uji wake ukapoa. Kisha akachukua jembe, akakatiza shamba la pamba hadi kwa Luhende, akamkuta anachimba kaburi peke yake, akaingia kumsaidia. Nilimfuata. Wanaume wengine walipoona hivyo, wakaja mmoja mmoja na majembe yao.

Luhende hakumshukuru. Alimwambia tu, bila kuinua kichwa, "Umechelewa, mtemi. Mama amekufa akiuliza kwa nini majirani hawaji."

Baba alilia mle kaburini, mbele ya watu, na mimi niliumia kumwona. Wiki hiyohiyo aliitisha mkutano, akamwondolea Luhende adhabu, akaomba wachague mtemi mwingine. Baba naye akawa anakwenda lindo kwa zamu yake, sambamba na mdogo wake, mpaka miguu ilipomkatalia.

Ndiyo maana vijana wa hapa Katoro wakibishana juu ya kiongozi yule, kama alijenga au alibomoa, mimi nanyamaza na kahawa yangu. Hakuwahi kufika kijijini kwetu, wala hakujua kwamba baba yupo duniani. Lakini kuondoka kwake ndiko kulikompa mama neno la kusema asubuhi ile.

Sasa nisikilize. Ukubwa uliopewa ni wa kazi. Kazi ikiisha, uurudishe kwa wenyewe ukiwa bado una heshima yako. Anayekuuliza swali mkutanoni mjibu, hata kama swali linauma. Ndugu yako asipewe zamu nyepesi. Na ukimkosea mtu, nenda kwake mapema, mama yake angali anaweza kukuona ukija.

Mungu akulinde ukishuka shimoni na ukipanda, akupe uzee mwema, na akuzungushie watu wasiokuogopa.