Chungu cha Bibi Sabina

Nakumbuka vizuri, mwanangu, Jumapili ile tuliyokizunguka chungu cha pombe ya mtama na hakuna aliyethubutu kunywa. Jana umekuja kutoka Katonga ukimsifu mwenyekiti wenu wa wauza dagaa: anakupenda, anakuvuta pembeni kukuambia jinsi wenzako wanavyokusema. Nilicheka, kisha nikaogopa. Keti nikueleze.

Tulikuwa kwenye kambi ya wakimbizi, ukipita Kidahwe kwenda Kasulu, na ndoa yangu ilikuwa bado changa. Kiongozi wa mtaa wetu aliitwa Zakaria. Tulimchagua wenyewe, na alistahili. Mvua zilipotukuta hatuna paa, alisimama kwenye tope mpaka kila kaya ikapata turubai, la kwake akalifunga mwisho. Tukamsifu mno, na mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Tukampa kigoda chake peke yake. Tukazoea kunyamaza akitokea. Hakuna aliyetuamuru, mwanangu. Tulianza wenyewe, tena kwa heshima.

Halafu akaanza kututembelea mmoja mmoja. Kwangu alinikuta nachambua maharage, akasema kwa upole, "Binti yangu, jirani yako Sabina anasema tumbo lako halitashika mimba. Usijali, nimemkanya."

Nami nikamshukuru! Bibi Sabina alikuwa mjane asiye na mtoto, akiishi kwa kupika pombe ya mtama, na mimi ndiye niliyemchotea maji kila asubuhi. Nikaacha. Nilijiambia lisemwalo lipo, nikaumia kimyakimya.

Kumbe kila nyumba ilikuwa imepewa ya kwake. Tukawa hatuaminiani, kila mtu akimwona Zakaria ndiye ngao yake dhidi ya jirani. Bibi Sabina peke yake hakwenda kumnyenyekea. Basi ukazuka uvumi kwamba anatia sumu kwenye pombe yake, na Zakaria akatangaza kuwa Jumapili itaamuliwa kama abaki mtaani au aondolewe. Kikongwe yule, aondolewe aende kwa nani?

Jumapili Bibi akaja na chungu chake. Akatia mrija, akanywa wa kwanza, maana kwetu mwenye pombe huonja mbele ya wageni wapate kuamini. Kisha akatunyooshea mrija. Wote tukamtazama Zakaria tujue la kufanya, naye akageuza uso.

"Mwana wanje," yaani mwanangu, Bibi akaniita mimi, katika watu wote wale. "Uliniacha na kiu bila neno. Nilikukosea nini?"

Nikamjibu, "Zakaria aliniambia unasema mimi ni tasa."

"Yoo! Nami akaniambia wewe ndiye unayeniita mchawi, na yeye ndiye anayenitetea. Mbona hukuja kuniuliza? Mlango wangu turubai, hata hodi haiumizi vidole."

Mtu mmoja akacheka. Mume wangu akamgeukia jirani yetu seremala: "Na wewe je, ni kweli ulisema mimi mwizi?" Seremala akaruka: "Mimi? Si wewe uliyeniita mwizi?" Vinywa vikafunguka uwanja mzima. Zakaria akasimama akafoka, "Kimya!" Hatukunyamaza. Nikaushika mrija nikanywa, mume wangu akafuata, kisha seremala.

Hatukumpiga wala kumfukuza. Alikaa kwenye kigoda chake mpaka chungu kikakauka, na hakuna aliyemtazama tena kujua kama acheke au asicheke. Kesho yake nikamchotea Bibi maji. Baadaye nikajifungua dada yako, na jina lake unalijua.

Sasa sikia, mwanangu. Mtu wa namna ile ana mikono miwili tu kama wewe. Mingine anaiazima kwetu. Nguvu zake zote zilikaa katika hatua chache kati ya mlango wangu na wa Bibi, hatua ambazo sikutaka kuzipiga. Kiongozi mwema mheshimu, lakini akikunong'oneza kwamba jirani ni adui yako na yeye ndiye kinga yako, usimshukuru kama mimi. Rudi Katonga, watafute hao wenzako, uwaulize mchana kweupe, mwenyekiti akisikia.

Nenda na baraka zangu. Mungu akupe ulimi usioogopa kuuliza, akupe na majirani wa kukujibu, na kila mlango utakaoupigia hodi, usikie "Karibu."