Koti la Kompyuta

Kwa miezi kadhaa nyumba yetu ya Gitega ilikuwa na mjadala mmoja wa kudumu: tuiwekee kompyuta disiki mpya, au tuiache izeeke pamoja nasi. Mume wangu, mwalimu wa jiografia aliyestaafu kazi lakini hajastaafu kufundisha, alikuwa upande wa disiki mpya. Mimi pia nilikuwa upande wa disiki mpya. Mtu angedhani kwamba watu wawili wenye maoni mamoja hawana cha kujadili. Lakini kila alasiri, chai ikishamiminwa, tulishawishiana upya kwa hoja nzuri kuliko za jana, na hakuna aliyenyanyuka kwenda kununua chochote. Leo naelewa kwa nini. Kila mmoja wetu alijua kwamba ugonjwa wa kompyuta ile haukuwa disiki peke yake, na kila mmoja alitumaini kwamba mwenzake hajui.

Ilikuwa kompyuta ya mezani, niliyoinunua nilipoanza kufundisha katika chuo cha ualimu. Asubuhi niliiwasha, nikaenda kuchambua maharage, nikayaosha, nikayabandika jikoni, na niliporudi ilikuwa bado inajifikiria. Mara nyingine, ikiwa imekubali kuamka na mimi nimefika ukurasa wa tatu wa notisi za wanafunzi wangu, ilizimika ghafla bila kuaga. Mume wangu aliwaeleza wageni sababu yake kwa ufasaha mkubwa. Disiki ya zamani, alisema, ni sahani inayozunguka, na juu yake kuna sindano inayotafuta habari kama mtu anayetafuta funguo shimoni; lakini hii ya kisasa, SSD, haina kinachozunguka wala kinachotafuta. "Unaiita, inaitika," alimalizia. Wageni, ambao wengi wao walikuja kuleta kadi ya harusi, walitikisa vichwa kwa heshima na kutazama mlango.

Jambo ambalo hakuna aliyewaeleza ni koti.

Ili nilieleze koti ni lazima nianze na wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, anayeishi Muyinga na kushona kofia kwa mkono. Ni mwanamke ambaye kofia zake zinafuatwa na watu kutoka Giteranyi kwa baiskeli, na ambaye ulimi wake una ncha kali kuliko sindano yake. Mama yao alipofariki, nilihudhuria mazishi, lakini hitima ya arobaini sikwenda. Chuoni kulikuwa na mitihani, mkurugenzi alikuwa mgeni, na mimi niliogopa kumwomba ruhusa. Nikamtuma mume wangu na mchele. Kwa miaka miwili baada ya hapo wifi yangu hakunisalimia ila kupitia kwa mdogo wake: "Msalimie mwenye kazi." Kisha siku moja, bila maelezo, ikaja bahasha kubwa kwa basi, na ndani yake mlikuwa na koti la kompyuta.

Naliita koti kwa sababu jina la kifuniko halilitoshi. Lilikuwa limeshonwa kwa vipimo ambavyo alimwomba mume wangu kwa siri. Kitambaa kizito, bitana ya flanela, mbele bustani nzima ya maua mekundu, na pembeni matamvua ya uzi wa kijani kibichi. Nyumba zetu zina desturi ya kuvisha kila chombo chenye thamani, redio, televisheni, hata mtungi wa gesi. Lakini sijaona chombo kilichovishwa kama kile. Nilielewa maana yake. Ilikuwa amani, na ilikuwa imepigwa pasi.

Mwanzoni tuliivua mashine kila tulipoitumia, kama inavyotakiwa. Kosa likaanza siku wifi aliponipigia simu ya video na kuiona nyuma yangu.

"Yoo! Mbona mtoto wangu iko uchi?"

"Tunafanya kazi, wifi."

"Mi pia nafanyaga kazi. Ulishaniona nimevua nguo?"

Tangu siku ile hatukuivua tena. Tuliinua upindo wa mbele tu, kama pazia la dirisha, tukabonyeza kitufe, tukaushusha. Mashine ikafanya kazi ndani ya flanela, katika joto lake lenyewe, mwaka hadi mwaka. Nikiweka kiganja juu ya maua nilihisi homa. Nikaondoa kiganja, nikasema kwamba disiki imechoka. Disiki ilikuwa mshitakiwa mzuri: haina ndugu, haishoni, wala hainuni miaka miwili.

Mjadala ungeendelea hadi leo kama mashine isingezimika mara tatu asubuhi moja, ikameza maswali ya mtihani niliyokuwa nimeyaandika. Mume wangu akasema kwamba Muyinga, milango miwili kutoka kwa dada yake, kuna fundi Mkongomani kutoka Kivu Kusini mwenye vipuri vya kuaminika. Nilisema Gitega nayo ina mafundi. Akasema hawa wa Gitega hawamjui dada yake. Nilikubali, kwa kuwa tulikuwa na deni la kumtembelea wifi, na kwa kuwa nilijipa moyo kwamba fundi atabadilisha disiki, kila kitu kitaitika kikiitwa, na jina la koti halitatajwa kamwe.

Tukasafiri. Mume wangu alipakata kompyuta ndani ya koti lake, mimi nikapakata trei ya mayai kutoka Mutoyi ya kumpelekea wifi. Tuliposimama Mutaho, mwenye baiskeli ya ndizi alichungulia dirishani, akamuuliza mume wangu kama mtoto analala. "Anaumwa," alijibu, bila kutabasamu hata kidogo. Tukapewa pole.

Wifi yangu alikuwa barazani kwake, kofia gotini. Alipoona koti lake likishuka kutoka garini, uso wake uliangaza kiasi cha kunifanya nione haya.

"Alors, mmeniletea mtoto! Anaumwa nini?"

"Disiki," tulijibu mimi na mume wangu kwa pamoja, haraka kupita kiasi.

Nilianza kumweleza jinsi chombo cha kuhifadhia kumbukumbu kinavyopungukiwa na uwezo kadiri miaka inavyopita. Mimi nilikulia Kigoma, na Kiswahili changu ni mchezo wake wa siku zote.

"Polepole, wifi, hapa si redioni. Kwa hiyo iko mzee?"

"Ni mzee."

"Basi twende. Mtoto haendi kwa daktari bila shangazi."

Hatukuwa na njia ya kumzuia. Fundi alikuwa mtu wa makamo, miwani juu ya paji la uso, mpole kama daktari mwenye wagonjwa wengi. Alivua koti, akalikunja vizuri, akamkabidhi wifi bila kujua kwamba ndiye aliyelishona. Kisha akafungua ubavu wa mashine, akashusha miwani.

"Mama," akaniambia, "hii mashine munaifunikaga?"

Nilimtazama mume wangu. Mume wangu alikuwa anatazama dari, ambako hakukuwa na kitu.

"Kidogo," nilisema.

"Hata ikiwa inatumika?"

"Mbele tunainua."

"Sasa kama mapua yake haiko mbele?" Akaingiza kibano ndani, akavuta. Ikatoka kamba ya vumbi na uzi, nene kama kidole, imejisokota kwenye feni kama kiota. Akavuta tena, ikatoka nyingine. Katikati ya kijivu kile kulikuwa na rangi moja iliyo wazi kabisa, kijani kibichi.

Wifi yangu alinyoosha mkono. Fundi akamwekea kile kiota kiganjani. Alikifungua taratibu kwa kucha, kama mtu anayefumua kazi ya mwanafunzi, kisha akaweka uzi ule kando ya matamvua ya koti alilolishika. Mtaa mzima ulikuwa na kelele zake, lakini mimi nilisikia uzi. Mara ya mwisho nilipomuudhi mwanamke huyu, ilichukua miaka miwili na koti moja kuponya. Sasa alikuwa ameshika mkononi ushahidi kwamba koti lenyewe ndilo ugonjwa, na sikuwa na kitu kingine cha kushonewa.

"Tangu lini mnajua?" aliuliza.

"Tunajua nini, dada?" alisema mume wangu.

"We nyamaza. Nauliza mwenye Kiswahili."

Kiswahili changu chote kiliniacha. "Tangu mwaka wa kwanza," nilisema.

"Na ukanyamaza."

"Niliogopa."

"Mi nimekuwa chui?"

"Niliogopa ile miaka miwili, wifi."

"Hata mimi nilijua," mume wangu aliingilia, nadhani kwa nia ya kunisaidia. Nikageuka. Mtu huyu alikuwa amewaeleza wageni wa miezi yote ile kuhusu sahani na sindano, huku akijua!

"Wewe pia?"

"Nilifikiri wewe hujui," alisema kwa unyonge.

Wifi alitutazama mmoja baada ya mwingine. "Donc mlitaka kununua kitu kizima ili msiniambie neno moja."

"Mama, banunuzi bengi banakujaka hapa na sababu kama hiyo," alisema fundi, akipuliza feni. "Mi siulizaka."

Hapo nilitarajia kicheko, lakini wifi hakucheka. Aliviringisha uzi kidoleni.

"Wifi, unajua nini kilinikasirisha ile hitima? Si kwamba hukuja. Watu wengi hawakuja. Ulituma mchele, hukutuma sababu. Nilikaa hapa nangoja sababu. Ungesema hata uongo, ningekutukana siku moja, kesho yake tungepika."

"Niliogopa kumwomba mkurugenzi ruhusa," nilisema. Lilikuwa jibu la miaka mingi, na lilipotoka lilikuwa dogo kiasi cha kuchekesha.

"Basi tu?"

"Basi tu."

"Ee, Mungu wangu. Mwalimu wa walimu, anaogopa mkurugenzi, anaogopa wifi, anaogopa kitambaa." Sasa alicheka, kwa sauti, akimshika fundi bega ili asianguke. "Na huyu wako anaogopa wewe. Mashine peke yake ndiyo ilikuwa inasema ukweli, inazimika!"

Fundi alisubiri tumalize, kisha akatoa hukumu yake. Mashine ingepona, ilihitaji kusafishwa na kuachwa ipumue. Disiki nayo ilikuwa mzee kweli, akaweka sikio, akatuita na sisi tusikilize jinsi inavyokwaruza. Ingeweza kwenda bado, labda muda mrefu, labda wiki. "SSD itaifanya iamuke mbio. Lakini sisemi munanunua juu ya chaleur, hiyo joto. Chaleur ilikuwa nguo."

Kwa mara ya kwanza tangu mjadala wetu uanze, mume wangu akahamia upande wa pili. Aliiona mashine ikiwashwa pale mezani, uchi, feni yake ikiimba, ikaamka katika muda wa kumenya ndizi mbili. "Sasa inapumua," alisema. "Disiki mpya ya nini?"

Nikagundua kwamba hoja zangu zote nzuri za alasiri zilikuwa zimeyeyuka, na nyuma yao ilibaki moja tu, ambayo sikuwahi kuitumia kwa sababu ilikuwa ya kweli: maswali yangu ya mtihani yalipotea, na sitaki yapotee tena. Nikaisema. Haikuhitaji sahani wala sindano.

"Nunueni," alisema wifi. "Kesho ikizimika msije mkasingizia mi."

Tukanunua. Fundi alihamisha kila kitu kutoka disiki ya zamani kwenda mpya wakati sisi tunakula mayai ya Mutoyi nyumbani kwa wifi, na wifi akabaki na koti. Hakusema anataka kulifanyia nini, nasi hatukuuliza.

Wiki chache baadaye lilitufikia Gitega kwa basi. Bitana ya flanela ilikuwa imetolewa. Matamvua yalikuwa yamekatwa. Na katikati ya maua mekundu, kwa ile kazi ya matundu yanayodariziwa kwenye kofia ili kichwa kipate hewa, alikuwa ametoboa na kudarizi safu kwa safu za vitundu, vidogo, vya duara, vilivyopendeza kuliko maua yenyewe. Tulilitandaza mezani tukalistaajabia. Kisha mume wangu akapeleka kidole kutoka kwenye vitundu hadi kwenye mashine, akakirudisha, akanitazama. Vitundu vilikuwa mbele. Mashine yetu inapumulia mgongoni.

Niliona hoja zikianza kujipanga usoni pake. Kabla hajafungua mdomo nikachukua simu.

"Wifi, ni koti zuri sana. Ila matundu umeyaweka mbele, na mashine inapumulia nyuma."

Mume wangu akainua viganja kama anayeomba dua.

"Inapumulia nyuma? Mashine gani hiyo haina adabu?"

"Ndivyo ilivyotengenezwa."

"Mi sifumui, wifi, we sikia. Vidole vyangu vimekufa kwa ile kazi."

"Naweza kuligeuza koti."

"Maua yangu yatazame ukuta? Geuzeni mashine!"

Tukaigeuza. Hadi leo imewapa wageni mgongo, na nyaya zake zote zinachungulia chini ya maua. Ili kuiwasha ni lazima niizungushie mkono hadi upande wa ukutani, kama ninayemkumbatia mtu aliyenuna, nipapase hadi nikipate kitufe. Huitika kabla sijautoa mkono.